Mzaha Si Utetezi

Kifungo changu kilinipongeza nikiwa bombani napiga mswaki.

"Hongera, Kunigunda Ngonyani," kilisema kutoka kwenye ukosi wa blauzi, kwa ile sauti yake ya upole, sauti ya mtu ambaye hajawahi kuumwa jino. "Umiliki wa Ngozi ya Nyanya umehamia kwako kwa makubaliano ya mdomo. Wanunuzi watakutana nawe kesho, Siku ya Wabunifu."

Wasichana waliokuwa wakingoja maji waliacha soga. Mmoja alipiga vigelegele. Mwingine alinitazama kwa husuda ambayo hata hakujisumbua kuificha. Mimi nilimeza dawa ya meno yote.

Ngozi ya Nyanya haikuwa yangu. Ilikuwa ya Atilio Mgongolwa, Mhehe wa Ilula, mtani wangu, ambaye tangu mwaka wa kwanza alikuwa akikoroga machicha ya ulanzi, pombe ya mianzi, kwenye ndoo nyuma ya karakana, huku watu wakimcheka kwamba anatafuta njia ya kitaalamu ya kulewa. Mwaka huu ndoo ilimkubali. Ukichovya nyanya humo inavaa utando mwembamba usioonekana, na inakaa msimu mzima bila friji, ngumu kama imechumwa leo. Aliyewahi kupita Ilula wakati wa mavuno, akaona nyanya zikimwagwa kando ya barabara kwa sababu lori halikuja, hahitaji kuelezwa hiyo ni mali ya namna gani. Mama yake Atilio ni mmoja wa wanaozimwaga.

Nilisimama pale bombani povu likinikauka mdomoni, nikijiuliza nimesema nini, na lini.

Pale Chuo cha Nyanda neno halipotei. Kila mwanafunzi anavaa kifungo shingoni, na ndani ya kila kifungo yumo Shahidi, mmoja kwa wote. Ukitaja wazo jipya, anakumbuka kwamba wewe ndiye uliyelitaja kwanza. Watu wawili wakikubaliana, vifungo vyao vinawaka kijani, na mwenye mashaka ana nafasi ya kusema "bado" kabla taa haijazimika. Asiposema, neno limefungwa na hakuna mahakama ya kulifungua. Kabla ya Shahidi, wazo la mwanafunzi lilikuwa kama mwavuli: ukiliacha mlangoni hulikuti. Baada yake, mtoto wa mwaka wa kwanza anauza uvumbuzi kabla hajaijua njia ya maktaba. Vyuo vingine vinaleta mabasi ya wageni kuja kujifunza tulivyofanikiwa.

Wageni hawaambiwi kwamba tumekuwa mabubu. Kantini watu wanaongea habari za mvua. Wapenzi hutoka nje ya uzio ndipo waahidiane. Kumwambia rafiki "nitakupa roho yangu" ni kutafuta balaa.

Ndipo nilipokumbuka karakana, jana yake jioni.

*

Atilio alikuwa ameniita kuona nyanya ya kwanza iliyomaliza msimu. Tuliikata, tukaila kwa chumvi, na ilikuwa tamu. Baridi ya Iringa ilikuwa imekaza, nikawa natetemeka hadi kisu kinanichezea mkononi. Atilio, bila kusema neno, alilichukua koti nililolitundika kwenye kiti, akanivika, akapandisha zipu hadi kidevuni kama anamvisha mtoto.

Koti lilikuwa la marehemu baba yake. Mzee alipofariki, sisi Wangoni wa chuoni tulikwenda Ilula kutimiza kazi ya watani. Nilivaa koti la marehemu, nikachechemea uani kama alivyokuwa akichechemea, nikamwamuru mjane aniletee ulanzi upesi kabla sijaoa mwingine. Mama Atilio, ambaye hakuwa ametamka neno tangu mauti, alicheka hadi akakaa chini, na baada ya kucheka ndipo akaweza kulia. Kitu alichochukua mtani msibani hakirudi mpaka kikombolewe. Atilio hakuwahi kulikomboa koti. Alisema ananihurumia, Wangoni tulikimbia vita kutoka kusini bila hata nguo.

Kwa hiyo tulikuwa na furaha, na furaha haina akili. Ndani ya uzio tulikuwa tumejizoeza kutotaniana, lakini utani kwetu ni kama kupiga chafya, unaweza kuuzuia mara nyingi, si mara zote. Babu zake na babu zangu walichinjana mpaka wakachoka, wakaona heri watukanane kwa kucheka. Tungefanyaje sisi?

"Kichwa cha Mhehe ni mali ya Mngoni," nilimwambia huku nikilamba chumvi kidoleni. "Kila kinachotoka humo ni changu."

"Hata Ngozi ya Nyanya?"

"Hasa hiyo Ngozi ya Nyanya. Ninaitwaa leo."

"Chukua, bibi yangu," alisema Atilio, akapiga goti kwa mbwembwe. "Chukua na kichwa chenyewe."

Tulicheka hadi machozi. Kifungo changu kiliwaka chini ya koti la mzee, chake kiliwaka chini ya joho lake jeupe la karakana, na hakuna kati yetu aliyeona kijani.

*

Nilimkuta kwenye ndoo zake. Kila siku hunisalimia kwa Kihehe, "Kamwene, mtumwa," nami humuuliza kama wala mbwa wa kwao wameamka salama. Siku hiyo aliinua uso akasema, "Habari za asubuhi, Kunigunda." Hajawahi kuniita jina langu lote.

"Atilio, ule ulikuwa utani."

"Najua."

"Sasa?"

"Sasa mweleze huyu." Aligusa kifungo chake. "Kimeniamsha usiku kuniambia nimeachia kwa hiari. Nimekiambia ni mtani wangu. Kikaniuliza mtani ni cheo gani."

Nilitaka kucheka. Yeye hakucheka.

"Tutakwenda ofisini wote wawili," nilisema. "Tutaeleza kwamba tulitania. Nani asiyejua utani nchi hii?"

Atilio aliinua kidole chenye unyevunyevu akaonyesha ukuta ulio juu ya ndoo zake. Maneno yale yamepakwa kwa rangi nyekundu katika kila karakana, kila darasa, na mlango wa kantini: MZAHA SI UTETEZI.

"Kanuni hiyo aliipigania nani, Gunda?"

Niliipigania mimi. Na ya ukuta ule niliipaka kwa mkono wangu.

Nilikuwa na sababu. Sikitu Mwalongo, niliyepangiwa naye chumba, alibuni mkeka wa kuanikia mahindi unaobadilika rangi pale yanapokuwa yamekauka vya kutosha, ili watu wasile sumukuvu. Kaka mmoja wa mwaka wa juu, Kasiani, alimwahidi mbele ya Shahidi kwamba akimwachia mkeka autafutie soko, watagawana sawa kwa sawa. Mkeka ulipopata soko alisema alikuwa anatania, na siku zile mtu akisema alitania, Shahidi alilifungua neno. Sikitu alilia mpaka akapoteza sauti. Mimi nikaingia serikali ya wanafunzi kwa hasira tu, nikahangaika mlango kwa mlango mpaka kanuni ikapita. Kwa kuvunja ahadi, Kasiani alilazimika kurudisha mkeka. Tangu hapo Sikitu nami tunauendesha pamoja, na Kasiani anangoja ufa.

"Usinitazame hivyo," nilimwambia Atilio. "Unadhani nilikutega?"

"Sidhani kitu." Alirudi kukoroga. "Lakini usiku kucha nimekuwa nikijiuliza, na hilo lenyewe linaniuma. Mama ameshawaambia Ilula nzima kwamba hawatamwaga nyanya tena."

Hilo neno liliniuma kuliko tusi.

*

Dkt. Mwanahija Shebughe, mkuu wa Ofisi ya Ubunifu, ni mama wa Kizigua mwenye miwani ya kuning'inia na subira ya mpishi wa pilau. Alinisikiliza hadi mwisho. Nilipofika pale Atilio alipopiga goti, mdomo ulimchezea.

"Mwanangu, mimi nina watani hadi wa kugawa," alisema. "Nimekuelewa. Lakini Shahidi hana kabila. Alifundishwa kwa mikataba, hukumu na makelele ya soko. Hakuna aliyefikiri kumpeleka msibani akaone mtu anamtukana mfiwa na mfiwa anashukuru."

"Basi nimrudishie Atilio. Namrudishia sasa hivi, mbele yako."

"Kurudisha bure kumezuiwa. Unajua kwa nini."

Nilijua. Wakubwa walikuwa wakiwabana wadogo kwenye korido ili "warudishe" mawazo yao. Atilio angeweza kuinunua kwa thamani yake, na thamani yake ilikuwa ya malori. Nikiikataa, inaingia mfuko wa chuo, na chuo kitaiuza kwa atakayepanda dau. Dkt. Shebughe aliyataja yote hayo akinyoosha kidole kimoja kimoja, na kila kidole kilinifungia mlango.

"Unaweza kuomba shauri," alisema. "Nitakuuliza mbele ya Shahidi kama kauli yako ilikuwa mzaha. Ukijibu ndiyo, nitakuamini, maana ni kweli. Nitaandika kwamba upo mzaha unaotengua neno. Atilio atapata nyanya zake na wewe hutapoteza kitu."

"Na Kasiani?"

Dkt. Shebughe alivua miwani. "Kasiani ameshasikia. Amekuja hapa kabla yako kuuliza shauri litakuwa saa ngapi. Anasema yeye naye ana watani kwa Wabena."

Sikitu ni Mbena. Kasiani naye angesema ahadi yake ilikuwa utani.

"Hakuna njia nyingine?"

"Neno likishafungwa linakufa kwa hadaa tu. Mtu akiri kwamba alimlaghai mwenzake kwa makusudi. Hapo mali inarudi kwa mwenyewe, na mlaghai anafungwa kinywa. Atabaki kusoma, ila hakuna neno lake litakalohesabiwa chuoni tena. Hawezi kuuza, kununua, wala kushirikiana na mtu." Alivaa miwani yake tena. "Lakini wewe hukulaghai, kwa hiyo hilo halikuhusu."

Nilimshukuru, nikatoka. Nje wanafunzi walikuwa wakifunga vitambaa vya Siku ya Wabunifu, na mmoja akaniuliza kwa heshima mpya kabisa ningependa meza yangu iwekwe wapi.

*

Nilimweleza Sikitu tukiwa chumbani. Alikuwa akikunja nguo, na aliendelea kukunja ileile moja.

"Sema ulitania," aliniambia. "Ni kweli, Gunda. Utaacha kusema kweli kwa ajili yangu?"

"Kasiani ataufungua mkeka."

"Auchukue. Nilishalia, sina machozi mengine." Halafu akaketi kitandani ghafla. "Mwongo mimi. Ninayo."

"Na baada ya Kasiani watakuja wengine. Kila tapeli wa chuo hiki atajipatia mtani."

"Basi nyamaza, uiuze hiyo Ngozi, umpe Atilio fedha."

"Kugawa bure kumezuiwa."

"Kwa hiyo hakuna njia."

Sikumtajia njia ya tatu. Niliogopa kwamba akinikataza nitamshukuru na kumtii. Nilizima taa nikalala macho, nikihesabu nitakavyopoteza: mkeka, Sikitu, ukumbi wote wa watu wanaonisalimia kwa sababu neno langu ni zito. Sitaki kujifanya shujaa. Nilikuwa na hofu ya kitoto, ile ya kutaka mtu mzima aingie aseme tumeghairi.

*

Chumba cha mashauri ni kidogo, kina meza moja, na juu ya meza lipo duara la taa ambamo Shahidi huongea. Dkt. Shebughe alikaa mbele. Atilio alikaa kulia kwangu, suruali imepigwa pasi, mikono bado inanuka machicha. Sikitu alisimama mlangoni. Nyuma kabisa alikaa Kasiani, faili magotini, akitabasamu kama mgeni wa harusi.

Kupitia dirishani tulisikia bendi ya chuo ikijaribu matarumbeta. Wanunuzi walikuwa wameshafika.

"Kunigunda Ngonyani," alisema Dkt. Shebughe, "ulimwambia Atilio Mgongolwa kwamba unaitwaa Ngozi ya Nyanya. Je, kauli hiyo ilikuwa ya mzaha?"

Nyuma yangu faili la Kasiani lilifunguka. Nililisikia.

"Hapana," nilisema.

Atilio aligeuka. Sikumtazama.

"Haikuwa mzaha," nilisema tena, na sauti yangu ilikuwa ya mtu mwingine. "Ilikuwa hadaa. Nilikusudia kumnyang'anya."

Duara la taa liligeuka njano. "Eleza ulivyomhadaa," alisema Shahidi.

Shahidi anasikia, haoni. Hilo nilikuwa nimelifikiria usiku kucha. Nilihitaji kumpa kitu ambacho sikio haliwezi kukipinga, na kitu nilichokuwa nacho kilikuwa kimoja tu. Nilijua kikitoka mdomoni hakitarudi kuwa safi.

"Nilijua akiona kijani atasema bado. Kwa hiyo nilivaa koti makusudi, nikafunika kifungo; chake kilikuwa tayari chini ya joho lake. Lilikuwa koti la marehemu baba yake. Nilijua hawezi kunishuku nikiwa nimelivaa."

Nilimwona Dkt. Shebughe akinichunguza juu ya miwani.

"Una hakika, mwanangu?"

"Nina hakika."

Hapo nilifanya kosa la kumtazama Atilio. Kinywa chake kilikuwa wazi. Yeye ndiye aliyelitoa koti kwenye kiti. Yeye ndiye aliyenivika na kupandisha zipu. Ni mtu mmoja tu duniani aliyejua ninadanganya, na alikuwa amevuta pumzi tayari kusema. Akisema kweli, hadaa inaanguka, unabaki mzaha, na Kasiani anasimama. Nilimkazia macho, nikimwomba kwa jicho lile ambalo mama yangu alinitazamia nikiomba chakula ugenini.

"Atilio Mgongolwa," aliuliza Shahidi, "unapinga?"

Atilio alifunga kinywa, akatazama mikono yake.

"Sipingi," alisema.

Taa iligeuka nyekundu, halafu nyeupe. Ngozi ya Nyanya ilirudi Ilula. Kasiani alifunga faili akaondoka bila kuaga. Kifungo changu kilitoa mlio mwembamba, wa mbu anayekwenda mbali, na kikawa cha kijivu. Sikitu ilimbidi atamke hapohapo kwamba ameniondoa kwenye mkeka, na alitamka, na sauti yake ilipotea kama zamani. Uongo wangu wa kwanza mbele ya Shahidi ulikuwa ule wa kusema kwamba nilidanganya.

Atilio alitoka kwenda kwa wanunuzi. Hakuniangalia, na nilimwelewa, na niliumia vilevile.

*

Sikujua kwamba mtu anaweza kuwa mpweke katikati ya foleni ya wali. Kijana mmoja aliniazima kalamu, halafu akakumbuka mimi ni nani, akaniachia kabisa ili tusiwe na jambo kati yetu. Sikitu alinishika mkono gizani kila usiku bila kusema kitu. Nilijaribu kusoma. Koti nililitundika nyuma ya mlango nikawa sithubutu kuligusa, maana nilikuwa nimelitolea ushahidi wa uongo na marehemu hana kifungo cha kujitetea.

Jumapili nilikuwa nimekaa kwenye ngazi za bweni nikiota jua. Atilio alikuja, akasimama mbele yangu, ameficha mkono nyuma.

"Kamwene, mtumwa."

"Kamwene. Wala mbwa wameamka salama?"

"Wazima. Mama anakusalimu." Alikaa ngazi ya chini yangu. "Wanunuzi nimewaambia Ilula ndio watakaochovya kwanza. Wakinuna, wanune." Kisha akasema haraka, kama mtu anayetema mwiba, "Mimi ndiye niliyekuvisha lile koti."

"Najua."

"Nilinyamaza, Gunda. Nilijua ni uongo na nilinyamaza, kwa sababu nilitaka nyanya zangu."

"Ungefungua mdomo ningekuzaba kofi mbele ya Dkt. Shebughe."

Alifuta macho kwa kiwiko. Halafu akautoa mkono wake nyuma, na ndani yake ilikuwa nyanya moja, nyekundu, ya msimu uliopita, ngumu kama jiwe la mto.

"Nimekuja kukomboa koti la mzee."

Niliipokea, nikaibonyeza, nikainusa. Watu wawili waliokuwa wakipita walipunguza mwendo.

"Kichwa cha Mhehe ni mali ya Mngoni," nilisema polepole. "Kila kinachotoka humo ni changu."

Atilio alishtuka, akakishika kifungo chake kwa mazoea, akakitazama. Hakikuwaka. Neno linahitaji vinywa viwili, na changu hakihesabiwi tena. Alikitazama kwa muda, kisha akaanza kutabasamu, kwanza upande mmoja.

"Chukua, bibi yangu," alisema, kwa sauti ya kusikika hadi kantini. "Chukua na kichwa chenyewe!"

Tulingoja. Hakuna kilichowaka. Wale wawili waliopunguza mwendo walikuwa wamesimama kabisa, na mmoja wao, binti nisiyemjua, alianza kucheka, akiwa ameziba mdomo kwa mkono, kisha akautoa ule mkono.

Nyanya niliila palepale. Koti sikumpa. Nyanya moja haikomboi koti la mzee.